Kete Zenye Migongo ya Rangi

Kila siku kengele ya mwisho ya shule ikishalia, Sindano hakupita popote. Wenzake walibaki uwanjani kuruka kamba. Yeye alifunga mkoba, akanyoosha njia hadi nyumbani, akabadilisha sare na kumkuta babu yake ameketi ukingoni mwa kitanda, kofia kichwani. Babu aliweka mkono wa kushoto juu ya bega la mjukuu wake, akatoa pumzi na kusema maneno yaleyale ya jana na juzi: "Haya, bibi mdogo, nipeleke nikateswe."

Jina la Sindano alipewa na majirani kwa sababu alikuwa mwembamba, na akisema jambo lilichoma moja kwa moja. Umri wake miaka kumi na miwili. Mama yake alishinda kwenye kiwanda cha sabuni hadi jioni, kwa hiyo kazi ya kumpeleka mzee hospitali ilikuwa yake. Babu, mzaa mama, alikuwa mwashi. Kwa miaka arobaini mkono wake wa kulia ulishika mwiko na kusimamisha kuta zisizopinda hata unywele. Kisha, miezi mitatu iliyopita, akiwa anafunga mkanda, damu ilikosa njia ya kupita katika sehemu ya ubongo wake. Ugonjwa huo huitwa kiharusi. Alipozinduka, mkono ule ulikuwa umelala kando yake kama mkono wa mtu mwingine.

Chumba cha mazoezi kilikuwa ghorofani. Nani aliyewaza kuwapandisha ngazi thelathini na nne watu wasioweza kutembea, hilo wanalijua wakubwa wenyewe, ambao miguu yao ni mizima na ofisi zao ziko chini, karibu na wanapoegesha magari. Lifti ilikuwepo. Ilikuwa na mlango mzuri uliobandikwa karatasi isemayo kwamba itatengenezwa hivi karibuni, na karatasi yenyewe ilikuwa imeshapauka. Babu alipumzika mara nne njiani, akigonga ukuta kwa kidole. Ukuta ule aliujenga yeye. Kibao cha mlangoni, alipenda kukumbusha, kilikuwa na jina la aliyekata utepe.

Huko juu alikuwepo Dada wa Mazoezi, mtaalamu kijana mwenye sauti ya upole na mikono yenye nguvu kama ya msukuma mkokoteni. Alikuwepo pia Kinyozi, mzee ambaye mikono yake ilianza kutetemeka hadi wateja wakaogopea masikio yao. Na alikuwepo Mama Mpishi, aliyepikia shule ya bweni miaka na miaka mpaka kiharusi kikamwibia nusu ya dunia: kitu chochote kilichokuwa upande wake wa kushoto hakukiona, kana kwamba hakipo. Maneno nayo yalimponyoka. Alitaka kusema "kijiko" akasema "ufunguo", kisha akanyamaza kwa aibu.

Siku ya kwanza Dada alimpa Babu mpira mdogo wa kuminya na vijiti vya kuchomeka kwenye matundu. Babu alivitazama, akauliza kama anaonekana anaota meno. Hakuvigusa. Kitu kimoja tu kilimvuta macho: boksi la dhumna lililokuwa juu ya kabati.

Dhumna, kwa asiyeijua, huchezwa kwa kete ishirini na nane. Kila kete ina nusu mbili, na kila nusu ina madoa, kuanzia patupu hadi sita. Unaunganisha sita kwa sita, tano kwa tano. Ukikosa ya kuunganisha, unapita. Anayemaliza kete zake kwanza ameshinda. Babu aliicheza ujanani juu ya mifuko ya saruji kila kazi ilipokwisha, na hakuna fundi aliyependa kuketi mbele yake.

Dada alifurahi. Alieleza kwamba mchezo unaweza kuwa dawa nzuri kuliko mpira na vijiti, mradi ufuatwe kwa sharti moja: kila kete iokotwe na ishushwe kwa mkono mgonjwa. Mkono mzima ukae pajani, kama mgeni aliyekatazwa kuingia jikoni.

Tatizo lilikuwa kete zenyewe. Zilikuwa za plastiki nyeusi, nyembamba kama biskuti, laini kama sabuni, na meza ilikuwa ya bati. Babu alitoa mkono wake wa kulia, akakaza taya, jasho likamtoka. Vidole vilisukuma kete badala ya kuikamata. Iliteleza, ikaruka, ikaingia chini ya kabati. Ya pili ikaifuata.

"Mwashi," Kinyozi akamtania, "leo unajenga chini ya kabati?"

Wote walicheka, hata Babu. Lakini alicheka kwa mdomo tu. Kesho yake Sindano alimkuta amelala, kofia imetundikwa msumarini, na mzee akamwambia aende kuruka kamba na wenzake. Kutwa ile hakunyanyuka. Wala ya pili yake. Wiki ikaisha.

Dada alikuja nyumbani mwenyewe, kwa miguu. Alizungumza na mama mlangoni, naye Sindano akasikia kila neno. Vidole vina msimu wao, Dada alisema. Miezi hii ya mwanzo mkono bado unasikia ukiitwa. Usipoitwa, vidole vitajikunja na kubaki hivyohivyo. Alikuwa ameomba kete kubwa kwa wakubwa wake mara tatu, na kila mara alijazishwa fomu nyingine. Jibu la mwisho lilisema dhumna si kifaa cha tiba. Aliyeandika jibu hilo hakuwahi kupanda zile ngazi hata siku moja.

"Kwani lazima zitoke kwao?" Sindano akauliza.

Siku iliyofuata Dada alimkabidhi boksi lote.

Sindano alilipeleka kwa fundi viatu, aliyekaa kwenye kona ya barabara na kisanduku chake. Fundi aligeuza kete moja vidoleni, akaiacha ianguke, akaiokota tena. Alisema kitu chembamba hakishikiki, kipe mgongo. Akachagua ndala tatu kuukuu kwenye lundo lake, moja nyekundu, moja ya bluu na moja ya kijani, akazikata vipande vya ukubwa wa kete, unene wa kidole. Gundi akampa ndani ya kizibo cha chupa.

Sindano alikuwa mtoto wa mpangilio. Aliketi barazani, akazipanga kete kwa safu kama daftari la hesabu: kwanza zote saba zenye sita, kisha zenye tano, kisha zilizobaki. Akaanza kugundisha kwa mpangilio huohuo. Nyekundu ilitosha zile saba za mwanzo, ya bluu ikaingia kwenye tano, ya kijani ikamalizia. Hakuwa na nia yoyote. Madoa yaliyofifia aliyakoleza kwa rangi nyeupe ya kucha za mama yake. Seremala wa jirani akampa vipande vinne vya ubao vyenye mfereji katikati, kila mchezaji asimamishe kete zake humo bila kuzishika. Meza ya bati wakaitandika taulo lililolowanishwa kidogo ili kitu kisiteleze.

Babu alikubali kujaribu, kwa sharti kwamba akishindwa kuokota hata moja, asipandishwe ngazi zile tena maishani mwake. Mkono ulitambaa juu ya taulo, ukazunguka kete kama mtu anayetafuta mlango gizani. Kidole gumba kilizama kwenye mpira laini. Kete ikainuka. Ilitikisika hewani, ikashuka vibaya, lakini ilishuka juu ya meza.

"Ngoma imeanza," Kinyozi akasema taratibu, safari hii bila utani.

Walicheza wawili kwa wawili: Babu na Sindano upande mmoja, Kinyozi na Mama Mpishi upande wa pili. Kwa kuwa mikono ya wakubwa hao ilikuwa ya shida, Sindano ndiye aliyefudikiza kete, akazichanganya na kumgawia kila mtu saba zake. Siku ya kwanza yeye na Babu walifungwa. Siku ya pili wakafungwa tena. Wakati wa kushuka, Babu alisimama katikati ya ngazi na kusema kwamba mkono umekufa na sasa kichwa nacho kinaufuata. Bora kesho aachwe alale.

Maneno hayo yalimkaa Sindano rohoni kama mwiba. Siku iliyofuata alimbembeleza Babu mpaka akakubali kwenda mara moja ya mwisho, na alipokuwa akichanganya kete zilizofudikizwa, macho yake yakaona kitu ambacho mikono yake ilikuwa imekitengeneza bila kujua. Sita zote zilikuwa na migongo myekundu. Asiye na mgongo mwekundu mbele yake hana sita hata moja, na atapita kila sita ikiwa mezani.

Alijiambia ni kwa leo tu. Akasogeza nyekundu nne upande wa Babu na tatu kwake mwenyewe. Mchezo ulipoendelea, aliacha sita mwanzo na mwisho wa safu, na Mama Mpishi akapita, akapita, akapita tena. Babu alimaliza kete zake akiwa bado haamini. Kisha alicheka kicheko ambacho Sindano hakuwa amekisikia tangu bibi yake alipofariki.

Leo tu ikawa kesho, kesho ikawa mtondo. Siku nyingine aliwaachia wenzao mgongo mwekundu mmoja, ili isionekane. Babu sasa alimngojea Sindano mlangoni, kofia kichwani. Alipanda ngazi akipumzika mara mbili badala ya nne. Aliwasimulia majirani jinsi anavyowanyoa hata vinyozi. Na kwa kuwa alicheza sana, aliokota sana. Siku moja Dada akaita watu waje kuona kidole gumba kikigusa kidole cha pili chenyewe. Sindano alitazama vidole vile vikigusana, akasema moyoni kwamba uongo unaoponya labda si uongo.

Hakumtazama Mama Mpishi. Mama yule hakuwa wa kelele. Alipokuwa akipita alisema "napita" kwa sauti ndogo, kila siku ndogo zaidi, na kila mchezo ulipoisha alibaki akiitazama safu ya kete, midomo ikimchezacheza.

Alhamisi moja kiti chake kilikuwa kitupu. Ijumaa pia. Jumatatu Dada alipiga simu, akarudi akiwa amekunja uso. Binti yake Mama Mpishi amesema mama hataki kuja tena. Ameshindwa michezo kumi na saba mfululizo, ameona mwenyewe kwamba akili haijarudi wala haitarudi, na anaomba asisumbuliwe. Sasa anakaa ameelekea ukutani. Hata vitu vya ndani hataki tena kujaribu kuvitaja majina.

Babu alisikitika. Alisema ni hasara, maana mama yule hakuwa mchezaji mbaya, bahati tu ilimkimbia. Sindano aliinama kufunga boksi.

Kinyozi alimngojea kwenye ngazi, Babu akiwa bado anaagana na Dada. Alijishikilia kwenye ukuta ili mikono isitetemeke sana.

"Mjukuu, kaa hapa kidogo. Mimi maisha yangu yote nimetazama watu kwa nyuma. Mteja akiketi kwenye kiti changu simjui kwa sura, namjua kwa kisogo. Ulidhani migongo ya kete itanipita?"

Kinyozi alimweleza kwamba alijua tangu wiki ya kwanza. Alinyamaza kwa sababu kicheko cha mzee mwenzake kilimfurahisha, na yeye kufungwa hakumpunguzii kitu. Amezoea kufungwa na mikono yake mwenyewe. Hakuwaza kwamba Mama Mpishi anahesabu. "Kwa hiyo kosa lina wenyewe wawili," akamaliza. "Lakini babu ni wako. Mwambie wewe, nisije mimi nikamwambia vibaya."

Njia nzima ya kurudi Babu alikuwa akipiga mluzi. Sindano alitafuta mlango wa kutokea bila kupita kwenye ukweli. Angeweza kubadilisha migongo kimyakimya. Au angemrudisha Mama Mpishi na kumgawia yeye nyekundu kwa wiki mbili, apone naye. Wazo hilo lilimpendeza kwa hatua kumi hivi, halafu likamtia baridi. Huyu nimpe, yule nimnyime, na mwenyewe asijue: ndivyo walivyofanya wale wa ofisi za chini na fomu zao. Na akimwambia Babu? Atalala tena. Vidole vitajikunja. Aliona kabisa jinsi vitakavyojikunja.

Alimketisha barazani, akapiga moyo konde.

"Babu, hatukushinda."

"Lini?"

"Siku zote. Tangu ulipoanza kucheka."

Alifungua boksi, akazilaza kete kwa migongo, akazigeuza moja moja: nyekundu, sita, nyekundu, sita, nyekundu, sita. Hakuongeza chumvi wala kujitetea. Alipofika ya saba, Babu alimzuia kwa mkono wa kushoto.

"Daktari aliniambia mwezi mmoja tu, mzee, utashika mwiko," Babu akasema. Sauti yake haikupanda. "Ofisa akaniambia lifti wiki ijayo. Wote walinihurumia. Nikadhani ndani ya nyumba hii yuko mtu mmoja asiyeweza kunihurumia kwa uongo."

Akaingia ndani, akavua kofia.

Siku mbili hakutoka. Chakula alikula, maneno hakusema. Sindano alilia hadi mama yake akamwambia kwamba amefanya lililopasa kufanywa, ila amelifanya likiwa limechelewa, na dawa yenye kuchelewa huwa chungu zaidi. Anawe uso aende shule. Sindano alienda, lakini darasani alikuwa mwili tu.

Siku ya tatu aliporudi, alimkuta Babu amesimama mlangoni, ameegemea fremu, boksi la dhumna limebanwa kwapani. Aliuliza jambo moja tu: kama Sindano anajua anapokaa Mama Mpishi.

Alikaa vyumba viwili nyuma ya duka la vipuri. Binti yake aliwakaribisha kwa mashaka. Mama Mpishi alikuwa kwenye kiti, ameelekea ukutani kweli, khanga imemfunika mabega. Sindano akaamkia. Babu hakungoja kupewa kiti.

"Dada yangu," alisema, "nimekuja kurudisha michezo kumi na saba. Haikuwa yangu."

Alieleza yote, na pale ilipobaki sehemu ya Sindano, alinyamaza ili mwenyewe aiseme. Sindano aliisema. Mama Mpishi aliomba kete. Alizipokea mapajani, akageuza kichwa chote kushoto ili azione, akazigeuza moja moja kama alivyofanya Sindano. Alichukua muda mrefu.

"Kwa hiyo mimi..." alianza, neno likamkimbia, akalifuata, akalikamata. "Mimi si mjinga."

"Mjinga ni mimi niliyeamini nashinda," Babu akasema.

Mama Mpishi alimgeukia Sindano. Hakuwa amekasirika kwa namna ambayo Sindano aliizoea; hiyo ingekuwa nafuu. "Wewe mtoto. Nilikuwa nikikaa hapa natafuta nilipokosea. Mchezo wa Jumatatu, wa Jumanne. Natafuta kosa, silioni. Nikasema, basi, hata kosa sasa silioni."

Hapo Sindano aliinama chini na machozi yakamtoka. Alisema, "Nisamehe, bibi," na hakusema kwamba alifanya kwa wema, ingawa lilikuwa kwenye ncha ya ulimi.

Mama Mpishi alimwacha alie kidogo. Kisha akamrudishia kete. Zote ziwe na mgongo mmoja, alisema. Alitaka kusema rangi moja, likatoka "harufu moja", akajirekebisha, na kwa mara ya kwanza akajicheka mwenyewe. Babu alicheka pia, na binti akaenda kutafuta viti.

Kazi ya kurekebisha ilichukua Jumamosi nzima. Mpira wa ndala ulikuwa umeshika kweli. Sindano hakuweza kushika kete na kubandua kwa wakati mmoja, ndipo Babu alipoleta mkono wake wa kulia, akaulaza juu ya meza na kumwambia azichomeke kete humo. Mkono ukafunga taratibu kama jiliwa, kile kibanio cha fundi chuma, ukabana, Sindano akabandua. Kete ishirini na nane, mara ishirini na nane. Kila baada ya tatu vidole vilichoka, wakapumzika. Fundi viatu alikata vipande vipya kutoka kwenye tairi bovu la lori, vyeusi tii, visivyotofautiana hata ukivitazama kwa miwani. Dada alipohadithiwa, alisema Jumamosi ile iliufaa mkono kuliko michezo hamsini.

Dada naye aliongeza lake. Alibandika utepe mwekundu kwenye ukingo wa kushoto wa meza, upande ambao Mama Mpishi hakuuona. Kabla ya kucheza, sharti mama ageuze kichwa hadi aupate utepe. Akishaupata, ameiona safu yote. Kete zilichanganywa na Dada mwenyewe, macho yake dirishani.

Jumatatu waliketi wanne. Babu aliokota na kushusha, polepole, bila kutazama mtu. Sindano alijikuta hajui kabisa nani ana nini, na mchezo ukawa mgumu, na mtamu pia. Yeye na Babu walifungwa mchezo wa kwanza. Walifungwa wa pili. Wa tatu Mama Mpishi aligeuza kichwa, akatafuta utepe, akaona mwisho wa safu alioukosa kila mtu mwingine, akashusha kete yake ya mwisho.

"Nimemaliza," alisema. Neno lilitoka zima.

Kinyozi alipiga makofi yake ya kutetemeka. Sindano alimtazama Babu. Sasa ndipo angesema lile la kuachwa alale.

Babu alizitazama kete. Kisha akasema, akimwelekea Sindano lakini kwa sauti ya wote kusikia, "Nimewalaumu wakubwa maisha yangu yote, na sijamaliza. Lifti ile bado nitaisema hadi masikio yawaume. Lakini ukubwa si kiti, mjukuu wangu. Siku ulipojua jambo letu, ukatuficha, ukaamua wewe nani acheke na nani anune, siku hiyo ulikuwa mkubwa wetu. Na ulikuwa mkubwa mbaya, japo ulinipenda. Mgonjwa mnenepeshee kete, apate pa kushika. Hapo umemsaidia. Ukweli mwachie kama ulivyo, autumie mwenyewe."

"Nimesikia, Babu."

"Basi vizuri. Na ulipokuja kuniambia bila kushikiwa fimbo, hilo nalo nimeliona. Wapo watu wazima na tai zao ambao hawajaliweza."

Alinyoosha mkono wa kulia, akaikusanya kete moja, halafu nyingine, akizirudisha katikati. Akamwuliza Dada kesho wanaanza saa ngapi. Tena akaomba kesho abadilishiwe upande. Amechoka kufungwa na Mama Mpishi, bora acheze naye.

Mama Mpishi alilitafuta jibu lake, wote wakamngojea.

"Sitaki," akasema. "Mwashi anacheza vibaya. Nipeni mtoto."